Kibali cha Mzigo Mkubwa Texas: Ofisi Ilihama, Barabara Ikabaki

Dereva aliyezoea mizani ya Mariakani au Vigwaza akihamia Texas, swali lake la kwanza kwangu huwa ni bei ya kibali cha mzigo mkubwa. La pili ni namna ya kukijaza. Swali ambalo ningependa aanze nalo haliji kabisa: kibali hiki kinatoka kwa nani, na barabara nitakayopita ni ya nani? Kwa Texas majibu ni mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Nawaandikia ndugu zangu wa Houston, Dallas na San Antonio, hasa walioacha kuajiriwa na kununua lori lao la kwanza. Ukiwa na kampuni kubwa, kuna mtu ofisini anayeyajua haya kwa niaba yako. Ukiwa na lori moja, mtu huyo ni wewe, au mkeo anayekupangia safari huku watoto wakimvuta nguo.

Hatua ya kwanza: pima, kisha pima tena

Kabla ya kutafuta ofisi, hakikisha kwanza kama unahitaji kibali. Mipaka ya kawaida Texas ni upana wa futi 8 na inchi 6, kimo cha futi 14, na uzito wa jumla wa pauni 80,000, kwa masharti kwamba ekseli moja (mhimili wa magurudumu) isizidi pauni 20,000 na ekseli mbili za pamoja zisizidi 34,000. Semitrela inayovutwa na kichwa cha lori isizidi futi 59.

Aliyetoka Afrika Mashariki aangalie hapo kwenye uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye ekseli 7 kuwa na uzito wa jumla wa hadi tani 56. Pauni 80,000 ni tani 36 na kidogo tu. Uzito ambao kule ungevuka mzani bila neno, huku tayari ni wa kuombewa kibali. Usikadirie kwa macho ya nyumbani.

Jambo jingine ni aina ya mzigo. Kibali cha kuzidisha uzito au vipimo kwa kawaida ni cha mzigo usiogawanyika: tingatinga, transfoma, boriti ya daraja, tangi la kiwandani. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinatumia kipimo kizuri: ikiwa kuuvunjavunja mzigo kungechukua zaidi ya saa 8 za kazi kwa vifaa vinavyofaa, basi haugawanyiki. Mbao, mchanga na masanduku vinagawanyika. Pakia safari mbili.

Hatua ya pili: jua milango mitatu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko makosa yanakozaliwa.

Zamani mambo yote haya yalikuwa chini ya paa moja, TxDOT, yaani Idara ya Usafirishaji ya Texas. Ilijenga barabara, ikatunza madaraja, ikasajili magari, na ikatoa vibali vya mizigo mikubwa. Mwaka 2009 Bunge la Texas likapitisha muswada HB 3097 na kuunda idara mpya, TxDMV, Idara ya Magari, iliyofungua milango Novemba 1 mwaka huohuo. Idara hiyo ikachukua usajili wa magari, hati za umiliki na usajili wa kampuni za uchukuzi. Vibali vya mizigo mikubwa havikuhama wakati huo. Vilibaki TxDOT miaka miwili zaidi, hadi muswada SB 1420 wa mwaka 2011 ulipovihamisha. Kuanzia Januari 1, 2012, anayetoa kibali ni TxDMV.

Kwa hiyo kwa muda mwenye lori alikuwa akisajili kampuni yake ofisi moja na kuomba kibali ofisi nyingine, kisha vyote vikakutana. Hilo lilikuwa jema kwetu. Lakini kilichohama ni meza ya kutolea kibali. Madaraja, lami, ujenzi na vipimo vya kimo chini ya kila daraja vimebaki kwa TxDOT. Na anayekusimamisha barabarani hatoki TxDMV wala TxDOT: ni askari wa DPS, Idara ya Usalama wa Umma, pamoja na askari wa kaunti na miji waliopewa mamlaka ya kupima uzito.

Milango mitatu, basi. Swali la fomu, ada au masharti ya kibali lipeleke TxDMV, kitengo chake cha wachukuzi. Swali la daraja, ujenzi au barabara iliyofungwa, mwenye habari ni TxDOT. Ukiandikiwa faini, mlango ni mahakama iliyotajwa kwenye karatasi uliyopewa, na hakuna karani wa TxDMV anayeweza kuifuta. Nimeona watu wakipoteza siku nzima ya kazi wakibishana na ofisi isiyo na uwezo wa kuwasaidia hata ingetaka.

Hatua ya tatu: soma kanuni iliyo hai

Mamlaka ikihama, maandishi nayo huhama, lakini hayahami yote kwa namna moja. Ukilielewa hili, hutadanganywa na karatasi ya zamani.

Kuna sheria na kuna kanuni. Sheria hutungwa na Bunge, na kwa mizigo mikubwa iko katika Sheria ya Uchukuzi ya Texas (Transportation Code), sura za 621, 622 na 623. Sura hizo hazikuhama mahali. Kilichobadilika ni maana ya neno moja. Sura ya 621 mwanzoni kabisa inaeleza kwamba neno “idara” humaanisha Idara ya Magari. Neno hilohilo, katika vifungu vilevile, kabla ya uhamisho lilimaanisha ofisi nyingine. Na pale ambapo Bunge lilitaka TxDOT ibaki na kauli, iliandikwa kwa jina lake kamili. Kwa hiyo ukisoma sura ya 623 usiruke: “idara” ni anayekupa kibali, na jina kamili la Idara ya Usafirishaji likitokea, hapo anazungumziwa mwenye barabara.

Kanuni ni jambo jingine. Hizi hutungwa na idara yenyewe, na zilihama nyumba kweli. Zilikuwa sura ya 28 ya Mada ya 43 (Title 43) katika kanuni za utawala za Texas. Sasa masharti ya vibali yako katika sura ya 219 ya mada hiyohiyo. Ukikuta mwongozo, mkataba au karatasi ya masharti inayokuelekeza sura ya 28 kwa habari ya kibali chako, iweke kando ukatafute ya sasa.

Nasema hivi kwa uchungu. Kampuni moja niliyoifanyia kazi nilipoanza kupanga safari ilikuwa na jalada nene la masharti yaliyochapishwa kabla ya uhamisho. Nililiamini kwa sababu lilikuwa safi na limepangwa vizuri. Nikampa dereva kurasa zake. Askari alipomsimamisha kuuliza juu ya gari la kusindikiza, dereva akamwonyesha kurasa zile badala ya masharti yaliyoambatana na kibali chenyewe. Mpaka tulipomtumia karatasi sahihi, jua lilikuwa linazama, na mzigo wake haukuruhusiwa kwenda usiku. Alilala kando ya barabara, mbali na watoto wake, kwa kosa la karatasi nililompa mimi. Tangu siku ile kila ukurasa ninaomkabidhi dereva nauchapisha siku ya safari.

Hatua ya nne: kama uhamisho unatokea ukiwa katikati ya kazi

Texas ilishapita hapo, lakini majimbo jirani nayo hubadilisha. Oklahoma, kwa mfano, vibali vilikuwa mikononi mwa idara yake ya usalama wa umma, vikahamishiwa idara ya usafirishaji. Ni njia ya kinyume na ya Texas, na anayetoka Dallas kwa barabara kuu ya I-35 akivuka Mto Red anaingia humo. Siku ikitangazwa kwamba ofisi inahama, fanya haya.

Tafuta muswada uliohamisha, soma vifungu vya mwisho. Huko ndiko huandikwa tarehe ya uhamisho, na mara nyingi huandikwa pia kwamba vibali vilivyotolewa na kanuni zilizokuwepo zinaendelea kuwa halali mpaka idara mpya izibadilishe. Kibali chako cha mwaka mzima hakifi kwa sababu nembo ya juu imebadilika, mradi kifungu hicho kipo. Chapisha ukurasa huo, uweke kwenye lori pamoja na kibali.

Kisha angalia pesa zako. Kama una akaunti yenye salio katika ofisi ya zamani, omba taarifa ya salio kwa maandishi kabla ya tarehe ya kuhama. Angalia pia jina la mlipwaji kwenye hundi, na jina la mamlaka lililoandikwa kwenye dhamana yako kama aina ya kibali chako inataka dhamana. Haya ni mambo madogo ya karani, lakini ndiyo yanayorudisha maombi nyuma wakati mzigo umeshafungwa minyororo.

Majina nayo huchelewa kuhama kuliko ofisi. Mpaka leo madereva wa Texas wanaita kibali cha kuvumilia uzito wa ekseli “2060” au “1547”, namba za miswada ya zamani. Mzee akikwambia “chukua 1547”, usitafute fomu ya jina hilo. Muulize kinaruhusu nini, ndipo utakipata kwa jina lake la sasa.

Hatua ya tano: omba

Maombi ya Texas hupita katika mfumo wa mtandaoni uitwao TxPROS, wenye ramani inayokupangia njia kufuatana na vipimo ulivyoingiza. Kabla ya kuufungua, uwe na haya mezani: namba yako ya USDOT (namba ya mchukuzi ya serikali kuu) na usajili wa kampuni, maelezo ya mzigo pamoja na namba zake za utambulisho, upana, kimo na urefu wa kila kitu kikiwa kimeshapakiwa, uzito wa kila ekseli, umbali kutoka ekseli hadi ekseli, ukubwa wa matairi, mahali pa kuanzia na pa kuishia.

Umbali kati ya ekseli watu huuandika kwa kubuni. Tafadhali usifanye hivyo. Daraja halijui uzito wa jumla tu, linajua uzito umekaa wapi. Kwa kibali, Texas inaweza kukuruhusu hadi pauni 25,000 kwa ekseli moja, 46,000 kwa kundi la mbili, 60,000 kwa kundi la tatu. Ukikosea umbali, mfumo utakupeleka kwenye daraja ambalo halikuhesabiwa kwa ajili yako. Na kibali kilichopatikana kwa taarifa zisizo sahihi si kibali, hata kama umekilipia.

Ada ya kibali cha safari moja ni dola 60. Ukizidi uzito, inaongezeka ada ya matengenezo ya barabara: dola 150 kwa jumla ya pauni 80,001 hadi 120,000, kisha 225 hadi 160,000, kisha 300 hadi 200,000, na 375 kupita hapo. Tuseme una ekskaveta, na lori zima lina pauni 118,000: ni 60 na 150, jumla 210, ukiacha ada ndogo ya kulipia kwa kadi. Viwango hivi vimo ndani ya sheria, si kanuni, hivyo ni Bunge linaloweza kuvibadilisha. Ile ada ya matengenezo huingia mfuko wa barabara kuu wa jimbo. Ofisi iliyoipokea ni moja, barabara inayotengenezwa ni ya nyingine.

Ukipita pauni 254,300 unaingia kundi la mizigo mizito mno, na hapo utauona mkono wa TxDOT waziwazi: madaraja ya njia yako lazima yafanyiwe hesabu na mhandisi aliyekubaliwa na idara hiyo kabla TxDMV haijatoa kibali. Kazi kama hiyo usiahidi tarehe kwa mteja mpaka hesabu imerudi.

Hatua ya sita: soma kibali kama unavyosoma barua ya benki

Kibali cha safari moja hukupa siku 5 na njia moja. Njia imeandikwa kona kwa kona. Ukikuta barabara imefungwa, usifuate simu yako wala lori lililo mbele. Simama mahali salama, piga TxDMV, urekebishiwe njia. Kukata kona moja nje ya maandishi ni sawa na kutembea bila kibali.

Muda wa kawaida wa kutembea ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Baadhi ya miji mikubwa ina saa zake za kuzuia wakati wa msongamano, nazo hutajwa. Hali ya hewa ikiharibika hadi huoni zaidi ya sehemu mbili za kumi za maili, au barabara ikiteleza, toka barabarani hata kama mteja anapiga simu kila dakika.

Magari ya kusindikiza: upana ukipita futi 14 mpaka 16, gari moja, litangulie mbele kwenye barabara ya njia mbili na lifuate nyuma kwenye barabara ya njia nne au zaidi. Ukipita futi 16, mbele na nyuma. Urefu ukipita futi 110 mpaka 125 ni kama huo upana wa kwanza, na kupita 125 ni mbele na nyuma. Kimo kikipita futi 17, gari la mbele liwe na fimbo ya kupimia, na kikipita 18 liongezwe la nyuma. Ukizidi upana wa futi 20, kimo cha futi 18 na inchi 11 au urefu wa futi 125, utapewa njia ya muda, kisha ni juu yako kwenda kuikagua kwa macho kabla kibali hakijakamilishwa.

Kuhusu kimo nataka unisikilize. Mei 23, 2013, katika jimbo la Washington, lori lenye mzigo mkubwa lilikuwa likivuka daraja la Mto Skagit kwenye I-5. Lilikuwa na kibali. Lilikuwa na gari la kusindikiza lenye fimbo. Vyuma vya juu vya daraja lile vilipinda, kimo kikiwa kikubwa katikati ya barabara kuliko pembeni, na lori lilipita njia ya pembeni. Mzigo ukagonga vyuma kimoja baada ya kingine, kipande kizima cha daraja kikaanguka mtoni, na magari mawili yakaenda nacho. Watu watatu waliokolewa wakiwa hai, kwa rehema za Mungu. Kule kibali kiliombwa mtandaoni na kukagua kimo kukaachwa kwa mchukuzi. Karatasi ilikuwa halali, daraja halikujua.

Ndiyo maana kwa mzigo mrefu wa kwenda juu mimi humwambia dereva aulize mambo mawili kwa kila daraja: kimo chake ni kiasi gani, na kimepimwa kwenye njia ipi.

Hatua ya saba: barabara ambazo kibali hakizijui

Kibali cha TxDMV kwa kawaida ni cha barabara zinazotunzwa na jimbo. Maili mbili za mwisho kutoka barabara kuu hadi kwenye kiwanja cha ujenzi mara nyingi ni za kaunti au mji, na hao wana utaratibu wao. Piga simu kwa mhandisi wa kaunti au ofisi ya mji siku chache kabla. Dereva wengi hukamatwa hapo, wakiwa wameshaona geti la mteja.

Na serikali kuu ya Marekani haitoi vibali hivi. Ukivuka mpaka wa jimbo unaanza upya, kwa vipimo na ada za jimbo lile. Pata vibali vyote vya njia nzima kabla ya kuwasha injini. Lori lililokwama mpakani linakula pesa ya parking na uvumilivu wa mteja kwa pamoja.

Hatua ya nane: usingoje kuambiwa

Bunge la Texas hukutana miaka isiyogawanyika kwa mbili, siku 140 kuanzia Januari. Ofisi huhamishwa na ada hubadilishwa katika kipindi hicho, na sheria nyingi huanza kutumika Septemba 1. Kwa hiyo mwaka kama huo, ikifika Juni, tafuta miswada iliyopita inayogusa sura za 621 hadi 623.

Kanuni zenyewe hubadilishwa wakati wowote, lakini si kimyakimya. Idara lazima ichapishe pendekezo katika Texas Register, gazeti la serikali la jimbo linalotoka kila Ijumaa, na kusubiri angalau siku 30 kabla ya kulipitisha. Kanuni ikishapitishwa na kuwasilishwa, kwa kawaida huanza kutumika baada ya siku 20. Katika zile siku 30 mtu yeyote anaweza kutuma maoni, raia au mgeni, mwenye malori 200 au lori moja. Bodi ya TxDMV ina wajumbe 9, na kiti kimoja ni cha mwakilishi wa wachukuzi, lakini hawezi kusema shida ambayo hakuisikia.

Andika ukurasa mmoja. Taja namba ya kifungu cha sura ya 219 kinachopendekezwa kubadilishwa, eleza safari moja ya kweli uliyofanya na kifungu hicho kingekugharimu nini, kisha andika maneno unayotaka yawekwe badala yake. Kiingereza chako kikikusumbua, mwombe kijana wako aliyesoma hapa akusaidie kusahihisha, na uutume kabla tarehe iliyotajwa kwenye tangazo haijapita.